Siku ya Tano Ni Ipi? Namna Majirani Tunavyohesabu Siku na Kutaja Njia

Nilipokuwa mwaka wa pili wa sekondari, mjomba wangu alipoteza mananasi zaidi ya mia nne kwa sababu ya neno moja. Kazi yake ilikuwa kuyanunua mashambani karibu na Masaka na kuyapeleka mpakani Mutukula, ambako wanunuzi wa upande wa Tanzania waliyapakia kwenye malori yao. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: bei, idadi, salamu na ubishi kidogo. Siku moja mnunuzi akampigia simu kumwambia kwamba lori lingefika Jumatano asubuhi. Mjomba akasikia tano. Katika Kiganda, siku iliyobeba tano katika jina lake ni Lwakutaano, nayo ni Ijumaa. Basi Alhamisi akakusanya mzigo wake, na Ijumaa alfajiri akawa Mutukula.

Lori lilikuwa limekuja Jumatano, likasubiri hadi alasiri, likapakia mananasi ya mtu mwingine, likaondoka. Mjomba na mnunuzi wake wakagombana kwenye simu, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake ni mwongo. Kufikia Jumapili maji ya mananasi yalikuwa yakitiririka chini ya turubai na nyuki wamejaa. Jambo linaloniumiza mpaka leo ni kwamba mimi nilikuwa nimekwisha kufundishwa siku za juma kwa Kiswahili. Niliziimba darasani kwa sauti, kuanzia Jumatatu, wala haikunijia kamwe kwamba Jumatatu ina tatu ndani yake ilhali kwetu nyumbani siku hiyo si ya tatu hata kidogo.

Tulitazame jambo hili kwa makini, maana wewe unayejifunza Kiswahili ukiwa Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo utakutana nalo kabla ya kukutana na ngeli zote. Waswahili wa pwani walikuwa Waislamu karne nyingi kabla ya shule za wamisionari. Siku kuu ya juma kwao ni Ijumaa, siku ya kukusanyika msikitini, na jina lake lenyewe linatokana na neno la Kiarabu lenye maana hiyo ya kukusanyika. Ijumaa ikipita, hesabu huanza upya: Jumamosi ni siku ya kwanza, kwa kuwa mosi ni moja, Jumapili ni ya pili, na kuendelea hivyo hadi Jumatano, siku ya tano. Kisha kinakuja kichekesho ambacho hata wazawa wa lugha hawakitambui. Siku inayofuata huitwa Alhamisi, na neno hilo katika Kiarabu maana yake ni ya tano vilevile, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo juma la Kiswahili lina siku za tano mbili, zinazofuatana, na hakuna anayelalamika.

Huku kwetu bara hesabu ilianzia kwingine. Wamisionari Waanglikana walifika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1877, na Wakatoliki wakafuata mwaka 1879. Walikuta Uislamu umekwisha kuingia katika jumba la mfalme. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamefika huko tangu enzi ya Kabaka Suna, katika miaka ya 1840. Lakini juma lililoenea katika shule na makanisa lilikuwa la Kikristo, lenye kupumzika Jumapili na kuanza kazi Jumatatu. Ndiyo maana Jumanne katika Kiganda ni Lwakubiri, yaani ya pili, na Ijumaa ni Lwakutaano. Katika Kinyarwanda na Kirundi mambo ni yaleyale: ku wa kabiri ni Jumanne, ku wa gatanu ni Ijumaa. Hata Kiswahili chenyewe, kilipohamia Kongo na kukaa katika miji ya migodi, kilibadilisha mahali pa kuanzia. Katika Lubumbashi utasikia siku ya kwanza ikiwa na maana ya Jumatatu, siku ya tano ikiwa Ijumaa, na Jumamosi ikiitwa siku ya posho, jina linalobeba kumbukumbu ya vibarua kugawiwa chakula chao cha juma.

Kwa hiyo, ewe mwanafunzi, mwalimu wako akisema kwamba Jumatano ni "siku ya tano", amekwambia nusu tu. Bado hajakwambia ni ya tano kutoka wapi.

Kuhusu saa sitakawia, kwa kuwa hapo majirani wengi tunaelewana. Mswahili huhesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua, na karibu na ikweta jua halibadilishi sana wakati wake wa kuchomoza mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hiyo haimsumbui mtu. Kiganda kinafanya hivyohivyo. Kinyarwanda kimekwenda mbali zaidi: kimezichukua namba za Kiswahili zenyewe, ndiyo maana Mnyarwanda husema saa moya na saa mbiri anapotaja saa, ingawa anapohesabu ng'ombe au watoto hutumia namba zake mwenyewe. Tazama basi ajabu ya kujifunza kutoka kwa jirani: Mnyarwanda aliipokea saa ya pwani pamoja na namba zake, lakini juma akalihesabu kwa namna nyingine. Ukivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Tanzania, kumbuka pia kwamba saa za nchi hizo mbili zinapishana kwa saa nzima. Saa tatu ya Kigali ni saa nne ya Dar es Salaam. Neno ni lilelile, jua ni lilelile, na basi limekwisha kuondoka.

Kuna jambo moja la siku ambalo huwatatiza hata wanafunzi wangu hodari. Kwa wazee wa pwani, siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani usiku ambao sisi wengine tungeuita wa Alhamisi. Magazeti ya leo hukwepa utata huo kwa kuandika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Nakushauri uige magazeti, hasa kama unaandika barua ya mwaliko wa harusi.

Sasa tuje kwenye jana na kesho. Katika Kinyarwanda neno ejo ni jana na ni kesho pia. Katika Kiganda neno jjo laweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili, na kitenzi ndicho kinachoamua. Mwanafunzi aliyekua na neno moja la namna hiyo anapoingia katika Kiswahili hukuta maneno mengi: juzi, jana, leo, kesho, kesho kutwa, mtondo, hadi mtondogoo. Hapo ndipo wageni wengine hukimbilia kutoa hukumu kwamba watu wenye neno moja kwa jana na kesho hawajui kupanga mambo yajayo. Hukumu hiyo ni ya uvivu. Mkulima asemaye ejo hupanda maharage kwa msimu ujao kama mkulima mwingine yeyote. Lugha yake imekiachia kitenzi kazi ambayo Kiswahili kimewapa vielezi, basi.

Mjadala huu una historia yake katika mji wa Kampala. John Mbiti, mwanatheolojia Mkenya aliyefundisha Makerere, alichapisha mwaka 1969 kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Humo alidai kwamba katika fikra za jadi za Waafrika wakati ni wa namna mbili, na wakati ujao wa mbali karibu haupo. Ili kuzitaja namna hizo mbili aliazima maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani, ingawa ushahidi wake wa lugha ulitoka zaidi katika Kikamba na Kikuyu. Wanafalsafa wengi Waafrika walimpinga, na mimi naungana nao. Pwani hiyohiyo iliyompa maneno yake ilikuwa na mwaka wa jua ulioanza kwa siku ya Nairuzi, uliogawanywa katika makumi ya siku, na kila kumi lilijulikana: lipi ni la kupanda, lipi ni la kuvuta chombo ufukweni kabla bahari haijachafuka. Nahodha asiyehesabu siku zijazo hafiki Maskati. Hata hivyo namheshimu Mbiti kwa kutulazimisha kuuliza swali lenyewe.

Nimetaja nahodha, na nahodha anatuleta kwenye mahali. Unaposoma ramani shuleni huambiwa kaskazini ni juu na kusini ni chini, ukakariri. Lakini maneno hayo hayakuzaliwa kwenye karatasi. Kaskazi ni upepo unaovuma kuanzia karibu Desemba hadi Machi, ukivileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ni upepo unaochukua nafasi yake baada ya hapo na kuvirudisha makwao. Kaskazini ni kule kaskazi inakotoka, na kusini ni kule inakotoka kusi. Mswahili wa zamani alipotamka neno kaskazini alitaja upande na majira kwa pamoja: upande ambao wageni hutokea, na miezi ambayo wao hufika. Mtoto wa Mubende au wa Gitega hajawahi kuusikia upepo huo shingoni. Kwake kaskazini ni neno tupu hadi mwalimu amweleze.

Linganisha na Kiganda. Kaskazini ni obukiikakkono, na kkono ni kushoto. Kusini ni obukiikaddyo, na ddyo ni kulia. Kushoto kwa nani? Kwa mtu aliyesimama akilitazama jua linapochomoza. Mashariki ni ebuvanjuba, linakotoka jua. Hapa mwili wa binadamu ndio dira, na asubuhi ndiyo wakati wa kuisoma. Huwa nawatoa wanafunzi wangu nje ya darasa mapema, nawageuza walielekee jua, kisha nawaambia wanyooshe mkono wa kushoto. Halafu nasema: huko unakoonyesha, Mswahili alisubiri upepo. Hawalisahau tena neno hilo.

Lakini makosa ya namna hii yaliwahi kuwa makubwa kuliko mananasi ya mjomba. Yaliwahi kuchora ramani nzima.

Katika miaka ya 1840 wamisionari Wajerumani waliotumwa na jumuiya ya Kianglikana ya Uingereza walikaa karibu na Mombasa: Ludwig Krapf aliyefika mwaka 1844, Johannes Rebmann aliyemfuata, kisha Jakob Erhardt. Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848 na wataalamu wa Ulaya wakamcheka aliposema una theluji. Erhardt alikaa Tanga kwa miezi kadhaa mwaka 1854, akizungumza na wafanyabiashara wa misafara. Aliwauliza juu ya njia za bara, nao wakamjibu kama wasafiri wanavyojibu: kwa mwendo wa siku. Kutoka hapa hadi kituo fulani ni siku kadhaa, kutoka kituo hicho hadi kingine siku kadhaa, na mwishoni unafika kwenye maji makubwa. Waliopitia njia ya kaskazini walisema hivyo. Waliokwenda Ujiji kupitia Unyamwezi walisema hivyo. Waliotoka Kilwa na kuelekea magharibi walisema hivyo pia.

Erhardt akaunganisha. Ikiwa njia zote tatu zinaishia kwenye maji makubwa, basi maji hayo ni yaleyale. Ramani aliyoitoa pamoja na Rebmann, iliyochapishwa Ulaya mwaka 1855 na 1856, ilionyesha bahari moja kubwa mno katikati ya Afrika, yenye umbo ambalo watu walilifananisha na konokono asiye na gamba. Tujuavyo leo, maji hayo ni maziwa matatu: Nyanza, Tanganyika na Nyasa.

Msomaji, nani alikosea? Wafanyabiashara walisema kweli tupu. Kila mmoja alitembea, akahesabu siku zake, akafika ufukweni, akaona maji yasiyo na ng'ambo. Lugha nayo ilichangia, naamini. Nyanza, nyanja na nyasa ni maneno ndugu katika lugha mbalimbali za Kibantu, na maana yake ni ziwa tu. Watu watatu wakikwambia kwamba wamefika "ziwani", mgeni atadhani wametaja jina la mahali pamoja. Aliyepungukiwa alikuwa msikilizaji: alizipokea siku za watembeaji kama vipimo vya karatasi, na neno la kawaida kama jina la pekee. Wala tusimlaumu sana. Ramani hiyo yenye kasoro ndiyo iliyoichochea Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London kumtuma Richard Burton, naye akafuatana na John Hanning Speke.

Wawili hao waliondoka Unguja katikati ya mwaka 1857 na kufika Ujiji Februari 1858. Walitaka kujua chanzo cha mto Nile. Waliposikia kwamba upande wa kaskazini wa Tanganyika kuna mto uitwao Rusizi, matumaini yakapanda: mto huo ukiwa unatoka ziwani na kwenda kaskazini, basi huenda ndio mwanzo wa Nile. Speke akavuka ziwa kumwona mfanyabiashara Mwarabu, Hamed bin Sulayyim. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akapelekwa utumwani Bara Hindi, akaishi huko miaka mingi kabla ya kurudi Afrika Mashariki akiwa mtu huru. Wao wawili walizungumza Kihindustani, ambacho hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao. Speke akarudi na habari njema: mto unatoka ziwani.

Aprili 1858 walipanda mitumbwi hadi Uvira, mji ambao leo uko Kongo, ukitazamana na Bujumbura. Huko wana wa mtawala wa mahali hapo wakawaambia bila kusita kwamba Rusizi inaingia ziwani. Ndipo Bombay naye akaeleza kwamba Speke hakuwa ameelewa: Hamed alizungumzia mto unaomwaga maji yake ziwani, si mto unaoyatoa. Safari yao ikaishia hapo bila kuuona mdomo wa mto. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walifika wenyewe na kuyaona maji yakiingia.

Mwalimu wa Kiswahili hawezi kusoma kisa hiki bila kukifikiria kiambishi -ni. Tunasema naenda ziwani, natoka ziwani, nipo ziwani. Neno ziwani halibadiliki hata kidogo. Halina mwelekeo, lina mahali tu. Mwelekeo wote umo ndani ya kitenzi. Hata kitenzi nacho kina hila zake: mto unaotoka ziwani unaliacha ziwa, lakini mtu aliye ndani ya mtumbwi akisema mto "unatokea" ziwani, yumkini anamaanisha kwamba anauona ukijitokeza mbele yake, ukija kwake. Aliyesimama majini na aliyesimama milimani huuona mto uleule kwa vitenzi viwili. Pitisha maneno hayo kutoka lugha moja hadi ya pili, kisha ya tatu, na swali la Nile linabaki mikononi mwa mkalimani mmoja aliyechoka.

Ndiyo maana mazoezi ya vitenzi vya mwendo hayapo kitabuni kwa ajili ya kukuchosha. Leo Uganda na Tanzania, Rwanda na Burundi, Kenya na Kongo zimo katika jumuiya moja. Kuna mikataba ya mizigo, wito wa mahakama na miadi ya hospitali inayotolewa kwa Kiswahili kwa watu waliojifunza kuhesabu siku kwa lugha nyingine. Nimewahi kumsahihisha mwanafunzi aliyeandika katika insha kwamba atasafiri "siku ya tano, Jumatano, baada ya siku nne za kazi". Nikamwita mezani. Alikuwa anaamini kwa dhati kwamba Jumatano huja baada ya Alhamisi. Sikumkata alama. Niliketi naye tukalichora juma mara mbili, moja likianza Jumamosi na moja likianza Jumatatu, tukaunganisha siku kwa mistari hadi karatasi ikafanana na wavu wa samaki.

Mjomba hakuwahi kukaa darasani kwa ajili ya jambo hili. Alipatana na mnunuzi yule baada ya miezi, kwa sababu kila mmoja alimhitaji mwenzake, na wanafanya biashara mpaka sasa. Lakini jina la siku halitamki tena kwenye simu. Nilimsikia mwaka huu, akiwa amekaa kibarazani, simu imebanwa begani:

"Ndugu yangu, nilale mara ngapi ndipo lori lifike?"

Upande wa pili mtu akacheka. "Mara mbili, mzee wangu."

"Kuanzia usiku wa leo?"

"Kuanzia usiku wa leo."